Risala ya wakulima wa matikiti na mbogamboga wa bonde la Ruvu kwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Bagamoyo, siku ya wakulima shambani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa madiwani, maafisa ugani, wakulima wenzetu: Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wakubwa wetu shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo letu leo ni moja: inzi wa matunda anayeharibu tikiti, tango, boga, mumunye, dodoki na karela. Tumeomba kulisema mbele yako kwa sababu fedha nyingi inayoingia kwenye dawa za kupulizia inapotea bure.

Inzi anayetusumbua zaidi kitaalamu anaitwa Zeugodacus cucurbitae. Asili yake ni Asia, na yupo Tanzania tangu miaka ya 1930. Wapo pia inzi wa Afrika wa jamii ya Dacus. Jike hutoboa tunda changa na kutaga ndani. Mayai huanguliwa kwa siku 1 au 2, funza hula nyama ya tunda kwa takriban wiki moja, kisha hutoka na kujichimbia udongoni sentimita chache. Huko anakuwa buu (pupa) wa kahawia, mdogo kama punje ya mchele, na baada ya siku kama 10 anaruka inzi mwingine.

Hapo ndipo bomba la dawa linaposhindwa. Yai na funza wamo ndani ya tunda, buu yumo ardhini, na inzi mzima halali kwenye tikiti. Anakuja kutaga, kisha anarudi kivulini kwenye mahindi, mbono au vichaka vya ukingoni. Anayepulizia shamba zima kila wiki anaua nyuki, na bila nyuki ua jike halishiki tunda.

Kazi kubwa, Mheshimiwa, ni kuokota, japo ndiyo isiyopendwa. Angalau mara mbili kwa wiki yaokotwe matunda yaliyoanguka, na yachumwe hata yaliyo shinani yenye alama ya kutobolewa, yanayotoa utomvu au kupinda. Yatiwe kwenye mfuko mzito wa plastiki nyeusi, ufungwe kabisa na uanikwe juani kwa wiki nzima au zaidi. Asiye na mfuko achimbe shimo, na udongo wa kufunika uzidi nusu meta. Kufukia kwa jembe sentimita 10 ni kumsaidia funza, maana udongo ndio aliokuwa anautafuta. Kuyatupa mtaroni ni kumpelekea jirani.

Kwa mazao ya kwenye chanja, hasa karela na dodoki, kufunika tunda kwa mfuko wa gazeti la tabaka mbili kunafaa sana. Lifunikwe ua likishanyauka na tunda likiwa bado dogo kama kidole. Ukiwahi, chavua haijaingia; ukichelewa, yai limeshaingia. Kwa ekari nzima ya matikiti hatushauri njia hii, gharama ya vibarua itameza faida.

Kuhusu chambo cha protini: jike huhitaji protini ili mayai yake yakomae, kwa hiyo hukifuata mwenyewe. Pandeni mistari 2 au 3 ya mahindi kuzunguka shamba kabla ya kupanda tikiti, ili yawe marefu wakati matunda yanaanza. Chambo kilichochanganywa na kiuatilifu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha dawa kinyunyizwe asubuhi, kwa matone makubwa, chini ya majani ya mahindi hayo, kituo kwa kituo. Kirudiwe kila wiki, na mvua ikinyesha kirudiwe tena. Kisiguse maua ya tikiti.

Mitego nayo ina kasoro yake. Kivutio kinachomfaa inzi huyu ni kyulua (cue-lure). Dukani mara nyingi mkulima anapewa methili eujenoli (methyl eugenol), ambayo ni ya inzi wa maembe. Chupa inajaa inzi, mkulima anafurahi, na matikiti yanaendelea kuoza. Hata kyulua hunasa madume tu, na Dacus ciliatus, mmoja wa wale inzi wa Afrika, haimvuti kabisa. Mtego mtupu si ushahidi kwamba shamba ni safi. Chupa ya maji ya lita 1.5 yenye matundu 4 inatosha, ining'inizwe meta 1 hadi 1.5 kutoka chini, na waya upakwe grisi, la sivyo sisimizi watabeba inzi wote na hutajua umenasa wangapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Kwanza, maduka ya pembejeo yauze kivutio sahihi na viuatilifu vilivyosajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Pili, na hili ndilo zito, Halmashauri itunge sheria ndogo ya kumtaka kila mkulima ang'oe mashina na kuharibu matikiti ya reja, yaani yasiyofaa kuuzwa, ndani ya siku 7 baada ya mavuno ya mwisho. Inzi hajui mpaka wa shamba. Mmoja akiacha mabaki, waliookota wote wamechoka bure. Tatu, pawe na shimo la pamoja mahali tunapopakia mizigo ya Dar es Salaam, kwani matunda mabovu yanayotupwa pale ni kiwanda cha inzi.

Baada ya risala hii tunakuomba upasue tikiti moja lenye tobo na jingine zima, uone tofauti kwa macho yako.

Tunaomba kuwasilisha.