Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Siku ya Huduma kwa Wanafunzi, na Jumatatu Iliyofuata

Ndugu wanachama, mlezi wetu, makomredi wa mwaka wa kwanza mnaohudhuria mkutano mkuu kwa mara ya kwanza, nanyi mliohitimu mkafunga safari kutoka Kisumu, Busia na Kakamega kuja kuketi nasi: karibuni, na asanteni kwa kufika.

Katiba ya chama inamtaka mwenyekiti aeleze shughuli zote za mwaka. Nitazitaja, ingawa nyingine zitapata sentensi moja tu. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina na nakala mnazo mikononi. Muda wangu mwingi nitautumia kwa Siku ya Huduma kwa Wanafunzi tuliyoiandaa hapa Chuo Kikuu cha Maseno mwezi Septemba, kwa sababu hoja nitakayowaomba mwipigie kura leo imetoka huko. Nayo ni kwamba siku ile ilifaa kwa kadiri tulivyowafuata watu kuanzia Jumatatu yake. Nataka ya mwakani tuipange kwa kuanzia hiyo Jumatatu, ndipo turudi nyuma hadi kwenye mahema na viti.

Tuliichagua Jumamosi ili wenye vipindi wasikose, na tukaifanya upande wa Siriba, palipokuwa chuo cha walimu kabla ya chuo kikuu, kwa kuwa pana nafasi. Kila aliyeishi Maseno anaijua mvua yetu ya alasiri, kwa hiyo mahema yalisimamishwa alfajiri na meza zote zilitakiwa zimalize kazi kabla ya saa tisa. Mvua ilikuja saa tisa na robo, tukiwa tunakunja turubai la mwisho. Vijana wa kamati ya uwanja, mlifanya kazi ya kupigiwa mfano.

Kazi ambayo haikuonekana ni ile ya Nyawita, mtaa wa vyumba vya kupanga jirani na chuo. Mwanafunzi anayekaa chumba cha kupanga hapiti kwenye mbao za matangazo za hosteli, na mara nyingi yeye ndiye mwenye shida kubwa zaidi, kwa maana kodi ya nyumba inamngoja hata kama mfuko ni mtupu. Kamati ya uhamasishaji ilipita ploti kwa ploti jioni, ikabisha hodi na kueleza kwa mdomo. Waliokuja kutoka kule walisema wazi kwamba walikuja kwa sababu kuna mtu aliwafuata mlangoni.

Foleni ndefu zaidi tangu asubuhi ilikuwa kwenye meza ya mikopo na udhamini. Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 unagawa gharama ya masomo mafungu matatu: udhamini wa serikali ambao haurudishwi, mkopo unaopitia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, na mchango wa familia. Mwanafunzi huwekwa katika mojawapo ya makundi matano kulingana na uwezo wa kwao. Hayo wengi wanayajua. Yanayowakwamisha ni mambo madogo. Mkopo huombwa upya kila mwaka, na bado kuna komredi wa mwaka wa pili anayeamini kwamba ombi la mwaka jana linajiendeleza lenyewe. Laini ya simu nayo lazima iwe imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwombaji mwenyewe.

Hili la laini niliangalie kwa karibu. Alikuja kijana wa mwaka wa kwanza kutoka upande wa Butere, mpole, ameshika simu yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa amejaza kila kitu, na kila akijaribu anarudishwa nyuma. Mwanachama wetu aliyekuwa mezani alimwomba aangalie jina lililosajiliwa kwenye laini. Likatokea jina la nyanya yake. Nyanya ndiye aliyemsajilia laini alipokuwa kidato cha pili, hajapata kitambulisho, na tangu hapo hakuna aliyelikumbuka. Pale mezani tungeweza kumwambia tu kwamba anahitaji laini mpya, akaondoka na hilo karatasini. Badala yake tuliliandika jina lake katika daftari, na Jumatatu asubuhi mwanachama huyo huyo aliandamana naye hadi mji jirani wa Luanda kwa wakala wa simu, wakasajili laini kwa kitambulisho chake, wakarudi wakabadilisha nambari kwenye akaunti. Laini ya nyanya ameibakiza, kwa kuwa nyumbani ndiyo wanayoijua. Ombi lake lilipita.

Jambo jingine lililojitokeza mezani hapo ni la kuahirisha masomo. Mwanafunzi akikosa karo, mara nyingi huona haya, akafunga chumba na kurudi kwao kimyakimya. Kumbe kuna njia ya kuandika barua, kupitia kwa mkuu wa kitivo, kuomba kuahirisha muhula au mwaka, na nafasi yako ikabaki. Aliyeahirisha anarudi akiwa na pa kuanzia. Aliyetoweka bila barua hukuta alama za kukosa mitihani zikimngoja. Nawasihi nyote: ukisikia rafiki anafungasha, muulize kama ameandika barua, na kama hajaandika, keti naye muiandike usiku huo huo.

Sasa hema la damu, ambalo ndilo lililotufundisha mengi kuliko tulivyotarajia. Sisi tunaishi katika kanda ya ziwa, inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote wa malaria nchini, na mtoto mdogo akipata malaria kali huishiwa damu kwa kasi. Ugonjwa wa seli mundu, ule wa kurithi unaoharibu chembe nyekundu za damu, nao umeenea zaidi Nyanza na Magharibi. Wanaotoa damu kwa wingi ni wanafunzi wa shule na vyuo, hivyo shule zikifungwa akiba hushuka, ilhali wagonjwa hawaendi likizo. Ndiyo maana tulishirikiana na watu wa kituo cha damu cha kanda kilichoko Kisumu, kinachohudumia hospitali nyingi ikiwemo ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti.

Masharti ya kutoa damu ni uwe na umri wa kati ya miaka 16 na 65, uzito usiopungua kilo 50, na uwe mzima wa afya. Kinachotolewa ni takriban mililita 450. Kabla ya hapo kuna kipimo ambacho wengi walisimama kukitazama. Muuguzi anakuchoma kidole, anavuta damu kidogo kwa mrija mwembamba, anadondosha tone moja katika chupa yenye maji ya bluu ya salfeti ya shaba. Tone likizama moja kwa moja, damu yako ina hemoglobini ya kutosha. Likielea au likisita katikati, unashukuriwa na kuombwa ule vizuri urudi siku nyingine.

Matone yaliyoelea yalikuwa mengi, hasa ya dada zetu. Na kabla hata ya kidole kuchomwa, muuguzi huuliza: umekula nini leo? Nilisimama karibu na meza ile kwa muda. Mmoja alisema chai. Mwingine alisema jana mchana alikula chapati madondo, yaani chapati kwa maharagwe, na akaeleza hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba ndivyo watu wanavyoishi. Walikuwa wamekuja kumpa mtu mwingine damu yao, na wao wenyewe hawajatia kitu kinywani. Niliumia sana, ndugu zangu, na naamini nanyi mnaumia mkisikia.

Hapo ndipo katibu alipofungua ukurasa mpya wa daftari. Kila aliyerudishwa kwa sababu ya tone au kwa sababu ya tumbo tupu aliulizwa faraghani kama angependa tumtafute wiki inayofuata. Wengi walikubali. Kwa idhini ya kamati kuu tulichota kutoka mfuko wa dharura, tukazungumza na mama wawili wa vibanda ambao wanafunzi wanawaamini, tukawalipa mapema. Mwanafunzi aliye kwenye orodha anafika, anaagiza ugali na sukuma, omena au maharagwe kama mteja yeyote, anakula, anaandika alama aliyopewa kwenye daftari la mama, anaondoka. Hakuna kadi ya kuonyesha wala foleni ya pekee, na jina lake halitamkwi. Mpango huu uliendelea hadi mwisho wa muhula. Mama hao wawili hawajataka majina yao yatajwe, ila nitawaomba mnaopita vibandani msisahau kuwaambia asante. Siku nyingine waliongeza chakula kutoka sufuria yao wenyewe.

Dada zetu ambao matone yao yalielea tuliwaelekeza pia zahanati ya chuo, maana upungufu wa damu una sababu nyingi na chakula ni mojawapo tu.

Kuhusu ushauri nasaha, tuliamua mapema kwamba hautakuwa chini ya hema. Mtu mwenye uzito moyoni haketi mahali wenzake wanampungia mkono. Tulipewa chumba pembeni chenye milango miwili. Jumamosi yenyewe walioingia hawakuwa wengi, na baadhi yetu tulikata tamaa, lakini washauri walitutuliza wakisema siku ya kwanza watu huja kutazama mlango uko wapi. Ikawa hivyo. Wiki iliyofuata ndipo walipoanza kuja, mmoja mmoja.

Katika kikao kifupi cha mchana wakili kijana, aliyesoma hapa hapa, alieleza jambo ambalo nataka kila mwanachama alijue. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, ni kinyume cha Katiba. Kwa miaka mingi kifungu hicho kiliwafanya watu waogope kumwambia hata daktari. Nambari ya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo na unapata mtu wa kuzungumza naye. Kwa dhuluma za kijinsia, ni 1195. Tumezibandika kwenye milango ya vyoo vya hosteli, ambako mtu anaweza kuzinakili akiwa peke yake.

Wenzetu wenye ulemavu walikuwa na meza ya kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Chuo chetu kinajulikana kwa kufunza walimu wa elimu ya mahitaji maalumu, na wanafunzi wa fani hiyo walijitolea kutafsiri kwa Lugha ya Ishara ya Kenya mchana kutwa, wakipokezana. Komredi mmoja asiyesikia aliniandikia kwenye simu yake kwamba kwa mara ya kwanza alicheka wakati mmoja na umati, badala ya kucheka baada ya kuelezwa. Nataka wakalimani wawepo kwenye kila shughuli yetu, ukiwemo mkutano huu; ndiyo maana mnawaona hapa mbele.

Kulikuwa pia na mpira, muziki na mashairi. Vilifana. Shughuli nyingine za mwaka: tulipanda miche Februari na mingi imeshika, tuliwatembelea wagonjwa wawili wa chama, tuliomboleza na familia moja huko Siaya, na tuliwakaribisha wageni wa mwaka wa kwanza siku za usajili kwa kuwabebea mabegi na kuwaonyesha njia.

Sasa hoja. Mtaona katika hesabu kwamba fulana na vipaza sauti vilikula fedha nyingi kuliko mfuko wa dharura. Najua wapo wanachama wanaoona kwamba bila fulana na muziki mkubwa watu hawaji, na wamelisema hilo kwa heshima katika kamati. Wana haki ya kusikilizwa. Mimi naona tofauti. Watu wa Nyawita waliitwa kwa kubishiwa hodi, na kijana wa Butere aliletwa na mwenzake wa chumbani. Napendekeza mwakani tusichapishe fulana, tukodishe kipaza sauti kimoja cha kutosha, na kiasi kitakachobaki kiingie mfuko wa dharura. Napendekeza pia kwamba kila meza tutakayoiweka iwe na mwanachama aliyekubali kwa maandishi kufuatilia watu wake kwa mwezi mzima. Meza itakayokosa mtu wa kufuatilia isiwekwe, hata kama itapunguza shamrashamra.

Daftari la ufuatiliaji lina siri za watu. Kamati kuu imekubaliana kwamba litakaa kwa katibu chini ya kufuli, litaonwa na mlezi na afisa mmoja tu wa ustawi, na majina yatafutwa mwenye jina akiomba. Nikimaliza muda wangu leo nitalikabidhi kwa katibu mbele ya mlezi. Ndani yake kuna watu ambao bado hatujawafikia, na wameorodheshwa ukurasa wa mwisho ili kamati mpya ianze nao.

Naomba mjumbe mmoja aitoe hoja na mwingine aiunge mkono, kisha mweka hazina asome hesabu, halafu twende kwenye uchaguzi.