Kwa vijana wetu wa West Nile, Uganda, mliomaliza sekondari, S.4 na S.6: sheria, polisi na kazi za kuhudumia watu

Wanangu, asalaam aleikum kwa Waislamu, Yesu asifiwe kwa Wakristo, na wengine wote habari zenu. Matokeo nimesikia. Waliofaulu hongera, na ambao hayakukaa vizuri poleni, ila msikimbilie Juba kwanza, ngojeni niseme yangu.

Nawaandikia wote pamoja juu mmekuwa mnanijia nyumbani mmoja mmoja, mnajua nilikuwa ofisa wa probesheni, yule anayeichunguzia korti maisha ya mtoto mwenye kesi, mpaka nikastaafu, na kila mmoja anafika na jibu tayari mdomoni. Mwenye pointi nzuri za Arts anataka kuwa loya. Mwenye kifua kipana wazazi wamemwambia aende polisi. Binti akisema anapenda kusaidia watu wanamwambia atafute NGO. Loya, afande, NGO, basi, kama vile Uganda nzima haina kazi nyingine hapo katikati. Na mimi naona hapo ndo mnajifungia, mnagombania milango mitatu wakati nyumba ina milango kumi na mingine hata haina foleni.

Chukueni kesi moja ya kawaida, siyo ya mtu fulani, ni ya aina ile tunayoona kila mara hapa Arua. Mtoto wa miaka 14 ameshikwa sokoni na simu si yake, watu wamemzunguka wanataka kumpiga. Nani anamtoa pale? Mara nyingi ni chairman wa LC1, yaani wa kijiji, au konstebo mmoja wa posti ya karibu. Akifika stesheni anatakiwa apelekwe kwa kile kitengo cha watoto na familia, CFPU wanavyokiita wenyewe. Sheria ya Watoto ya Uganda inasema aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kabisa, na huyu wa 14 hafai kulala selo moja na watu wazima wala kukaa mikononi mwa polisi zaidi ya saa 24 bila kufikishwa kortini, wakati mtu mzima Katiba inampa saa 48. Sasa kuna afande anayejua hayo na anapiga simu kwa mzazi na kwa probesheni jioni hiyo hiyo, na kuna mwingine anamtupa ndani na wezi wakubwa halafu anaenda kula, na wote wawili wamepita mafunzo yale yale kwenye chuo cha polisi kule Kabalye, Masindi.

Kutoka hapo faili inaenda kwa wakili wa serikali wa ofisi ya DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, anaamua kama kuna kesi au hakuna. Ikifika kortini inataka hakimu, inataka karani wa kuifungua na kuitunza (faili zinazopotea mnazisikia, hazipotei zenyewe), inataka mkalimani, inataka mtu wa kumsemea mtoto, awe advoketi au ofisa wa msaada wa kisheria. Wakiamua angoje kesi yake ndani anapelekwa remand home, sisi tunayo hapa Arua, na huko wanataka matroni, mwalimu, nesi, mtu wa kuzungumza naye. Kesi ikithibitishwa na ikiwa nzito anaweza kupelekwa kituo cha kurekebisha watoto cha Kampiringisa kule Mpigi. Na siku akirudi nyumbani, ofisa wa maendeleo ya jamii wa sabukaunti ndo anabaki naye, CDO, huyo ambaye nyinyi mnadhani kazi yake ni kufungua mikutano ya PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi.

Hesabuni wenyewe ni kazi ngapi hizo, na loya ni mmoja tu ndani yake.

Ile ya kwangu niieleze kidogo juu ndo naijua vizuri. Kabla korti haijaamua cha kufanya na mtoto inatakiwa isome ripoti ya probesheni juu ya maisha yake. Hiyo ripoti huiandiki ukiwa umekaa ofisini. Unapanda boda mpaka kwao huko ndani Terego, unakalishwa chini ya mwembe na bibi yake, unauliza mama yuko wapi, fees analipa nani, shule aliacha lini, jirani wanasemaje, na hapo hapo unaangalia sufuria, unaangalia wadogo zake wanavyokutazama. Mara nyingi unagundua simu si habari yenyewe, habari yenyewe ni baba wa kambo, au ni njaa, au ni mkubwa fulani anatuma watoto wamwibie. Unarudi unaandika kurasa mbili tatu za ukweli na hakimu anakuwa na kitu cha kushika. Kila wilaya ina ofisi ya probesheni na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia anaitaka. Mshahara si wa kununua Land Cruiser, nakubali. Usafiri wenyewe ni shida, kuna miezi pikipiki ya ofisi iko bila mafuta na kesi iko palepale inakungoja.

Njia ya kufika huko ni hii. Makerere kuna digrii ya social work and social administration, na vyuo vikuu vingine pia wanafundisha. Ambaye pointi hazikutosha, au S.6 hakufika, aangalie chuo cha Nsamizi kule Mpigi, wako na cheti na diploma, watu wengi wa ofisi za jamii katika hizi wilaya walianzia hapo wakapanda polepole. Kazi zenyewe za wilaya zinatangazwa na District Service Commission, zinabandikwa kwa notisi bodi na zinatoka gazetini, kwa hiyo aliyekaa anangoja mjomba ampigie simu atangoja sana.

NGO sizikatai. Toka kambi ya wakimbizi ya Bidibidi ifunguliwe Yumbe 2016, na kule kambi za Rhino Camp na Imvepi pia, vijana wetu wengi wamekula na kujenga kwa hizo kazi. Lakini mliona 2025 Marekani walipokata misaada, watu wakaambiwa ijumaa kwamba jumatatu wasirudi. Fanya hiyo kazi ukiipata, jifunze kuandika ripoti, jifunze kushika kesi za wakimbizi, ila cheti chako kiwe cha fani inayoweza kukaa hata serikalini, usisomee kozi ya jina refu ambalo hata wilaya haina nafasi yake.

Haya, wa sheria. Siwakatazi, nchi inataka mawakili na huku kwetu bado ni wachache. Ila jueni urefu wa barabara. Makerere LLB, digrii ya sheria, ni miaka minne na kuna mtihani wa kuingia, pointi peke yake hazitoshi. Ukimaliza wewe bado si advoketi, unaenda LDC, Law Development Centre, chuo cha kuandaa mawakili, ile ilianzishwa 1970, sasa ina matawi Mbarara na Lira kwa hiyo mtu wa huku halazimiki kulala Kampala, na kule LDC watu wanaanguka mtihani tena wengi, si siri. Ada ni nzito. Mikopo ya wanafunzi ya serikali imeegemea sana kozi za sayansi, usipige hesabu yako juu yake. Ambaye alama za S.6 hazikumfikisha LLB kuna diploma ya sheria hapo hapo LDC, na mtu anaweza kuipitia mpaka akafika digrii baadaye, inachukua muda lakini ni njia ya halali na sioni aibu yake iko wapi. Ukishamaliza yote usidhani lazima ufungue chamber na kibao, kuna DPP, kuna mahakama, kuna wilaya na manispaa, kuna FIDA-Uganda, chama cha mawakili wanawake, ambao toka 1974 wanasaidia wanawake wasio na hela ya wakili.

Na mkitaka kujua sheria inafika wapi, someni habari za Susan Kigula. Alikuwa amehukumiwa kifo, akakaa gereza la Luzira, Kampala. Yeye na wenzake zaidi ya mia nne wakaipeleka serikali kortini, na 2009 Supreme Court ikakubali kwamba hukumu ya kifo isiwe ya lazima, jaji awe na nafasi ya kupima kila kesi. Akiwa mle ndani alisomea sheria ya University of London, akaachiliwa 2016. Mimi ninapoisoma hiyo habari simwoni yeye na mawakili wake peke yao, namwona na askari jela aliyefungua darasa asubuhi akaacha vitabu vipite. Mle Luzira wafungwa wanakaa hata mitihani ya taifa ya UNEB. Hakuna kijana anakuja kwangu kusema anataka kuwa askari jela wa namna hiyo, wote wanadhani prisons ni kubeba fimbo, wakati wanachukua walimu, wanachukua manesi, wanachukua watu wa ustawi wa jamii.

Polisi sasa, na hapa wazazi pia wasikilize. KUINGIA POLISI HAKUNUNULIWI. Kila wakitangaza nafasi kuna broka anazunguka vijijini ati ana mkubwa Naguru, makao makuu ya polisi, watu wanauza ng'ombe, wanauza kipande cha shamba, halafu simu inazimwa. Na hata ukibahatika ukaingia kwa pesa, wewe utakuwa afande mwenye deni la ng'ombe, utamlipisha nani? Yule mama aliyekuja kuripoti kapigwa na mumewe ndo utamwomba hela ya karatasi. Kaa nje kama ni hivyo. Anayetaka kwa halali aangalie tangazo linasema nini mwaka huo, konstebo wamekuwa wakichukua kuanzia S.4, wenye digrii wanaingia kama cadet, yaani wanafunzi wa uofisa. Anza kukimbia asubuhi sasa hivi, si wiki ya usaili.

Tena polisi si bunduki na trafiki tu. Kikosi cha zimamoto Uganda kiko ndani ya polisi, kwa hiyo anayependa kuokoa watu kwenye moto na ajali anaingia kwa mlango huo huo. Lile jalala la Kiteezi lilipoporomoka Agosti 2024 mliona ni kina nani walikuwa wanachimba, polisi na Red Cross. Red Cross wanachukua hata watu wa kujitolea, tawi liko hapa hapa Arua, mtu anaweza kuanza huko kwenye vakesheni akajipima kama damu inamwangusha.

Nyinyi wa sayansi msidhani barua haiwahusu. Najua mnasukumwa ualimu toka 2022 serikali ilipoongeza mishahara ya walimu wa sayansi ikaacha wa Arts wakinung'unika (na walikuwa na haki kunung'unika). Lakini mwenye kemia yake nzuri ajue kuna ile maabara ya serikali Wandegeya, sampuli za kesi za sumu na DNA zinapelekwa kule, na kesi ngapi zinakufa juu ushahidi haukupimwa vizuri au umechelewa. Wa baiolojia ajue kwenye hospitali ya akili ya Butabika wanafundisha maofisa wa kliniki wa magonjwa ya akili, na huku kwetu baada ya vita vya Sudan Kusini na Kongo hizo kazi ziko hata kama tangazo halijatoka.

Kitu kimoja mnacho na hamkioni ni lugha. Katika Uganda watu wengi wanaogopa Kiswahili, wengine walikulia kusikia ni lugha ya wanajeshi na wezi. Sisi tumekulia ndani yake. Ni lugha rasmi ya pili toka Katiba ibadilishwe 2005, na 2022 baraza la mawaziri likasema ifundishwe shuleni kwa lazima, na amri za polisi na jeshi miaka yote zimekuwa kwa Kiswahili. Ongeza Kilugbara au Kikakwa au Kialur cha nyumbani, ongeza Kiarabu cha Juba ulichookota sokoni. Nimekaa kwenye vyumba vya korti ambapo mama wa Kikongo analia na hakuna anayemwelewa, kesi inaahirishwa mara ya tatu, mama anarudi kambini na nauli hana. Ukalimani wa korti ni kazi, tena inataka mtu mwaminifu na mwenye msamiati wa sheria, si yeyote aliyepita kwenye korido. Lakini mjifunze pia kukiandika vizuri, na Kiingereza msikiache juu rekodi ya korti ni Kiingereza.

Simu ya watoto ya serikali inaitwa Sauti, namba 116, bure. Mnaotaka kujua kazi ya ustawi inaanzaje, inaanza na mtu anapokea simu kama hiyo saa nane usiku na anajua cha kusema. Kama huwezi kusikia habari mbaya bila kwenda kuzihadithia kijiweni, tafadhali hizi kazi ziache. Sitaki kuona mtoto wa kesi amepigwa picha amewekwa kwenye grupu la WhatsApp na ofisa mwenye digrii, nimeziona na zilinichefua, mtoto anarudi shule na darasa zima limemwona. Na nyinyi wenyewe mtachoka, roho inachoka kabla ya miguu. Tafuta mwenzako kazini wa kuongea naye, na pombe isiwe ndo huyo mwenzako.

Mwisho ni la makaratasi. Kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, cheti cha P.7, cha S.4, cha S.6, majina yafanane herufi kwa herufi. Kuna anayeandikwa Yasin pengine na Yassin pengine, kuna aliyebadilisha jina la baba S.2, na wengi wanarudishwa siku ya usaili kwa hiyo tu wakati masomo wanayo. Rekebisheni sasa hivi kabla tangazo halijatoka, wiki ya tangazo foleni ya NIRA, ofisi ya vitambulisho, inazunguka jengo. Asiyejua aanzie wapi aje kwangu jumamosi na vyeti vyake vyote, original, siyo picha ya simu.

Ni mimi mzee wenu,
Arua