Shukrani kwa Ndugu Aliyetufundisha Kuzalisha Kambale

Kwa niaba ya kikundi chetu cha wafugaji wa samaki hapa Bahi, mkoani Dodoma, naomba nimshukuru hadharani mtaalamu ambaye, kwa ombi lake mwenyewe, sitamtaja jina. Katika eneo letu hili kame lenye msimu mmoja wa mvua, kambale wa bwawani hukua vizuri lakini kwa kawaida hawazaliani, kwa kuwa kwa asili yao husubiri mafuriko ndipo watage. Hivyo tulitegemea vifaranga vya kununua mbali, na vingi vilifia njiani.

Ndugu huyu alitufundisha, bila kudai hata nauli, kumchoma jike sindano ya homoni itokanayo na tezi ya pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo) ya kambale mwingine, kusubiri usiku kucha, kisha kumkamua taratibu tumboni mpaka mayai yatiririke kwenye bakuli kavu. Dume hakamuliki kwa urahisi, kwa hiyo huchinjwa ili mbegu zake zipatikane. Alisisitiza kwamba hata tone la maji lisiguse mayai kabla hayajachanganywa na mbegu hizo kwa unyoya wa kuku, maana yakishalowa hayarutubiki tena. Kwangu mimi, huo ndio uliokuwa moyo wa somo lote.

Hata baada ya kuondoka aliendelea kutupigia simu, akituhimiza kutenganisha vifaranga wakubwa na wadogo, kwa sababu kambale hulana wenyewe kwa wenyewe. Ahsante sana, ndugu yetu. Mwenyezi Mungu akujalie afya njema, na ukipita tena Bahi, karibu sana nyumbani.