Risala ya vijana wa Katuba, Lubumbashi, kabla ya safari ya kinga (baiskeli) kwenda Kipushi

Mheshimiwa Daktari, mgeni wetu wa heshima; baba na mama wa mtoto wetu; wazazi na majirani, jambo kwenu.

Kinga hizi zilizopangwa kando ya barabara si za mashindano. Nyingi jana zilibeba makala, yaani makaa ya kupikia. Tumezifuta vumbi, ila breki za nyingine ni za kubahatisha, kwa hiyo tutakwenda polepole, mama zetu msiogope.

Tunamkumbuka mdogo wetu aliyetutoka kabla ya kutimiza miaka minne. Jina lake leo tumemwachia mama yake. Baba yake huingiza makala mjini kwa kinga, na kila jioni mtoto alimngoja njiapanda ili apandishwe nyuma, pale magunia yalipokuwa.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Usiku, mwanga wa simu ukimpata usoni, mboni ya jicho moja iling'aa nyeupe kama ya paka. Watu wakasema karogwa, na kati yetu tuliosimama hapa wapo waliosema hivyo. Kituo kimoja kilimpa dawa ya matone, mara mbili. Alipofika kwa daktari wa macho, ile kanseri iitwayo retinoblastoma ilikuwa imeshatoka nje ya jicho.

Ugonjwa huu huwapata hasa watoto walio chini ya miaka 5. Ukiwahiwa, pengine jicho huondolewa lakini mtoto anabaki. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kwa 100 wenye kanseri wanapona; katika nchi maskini hawafiki 30. Mashine za huko hatuna. Tochi tunazo.

Leo ni kilomita 30 kwenda, 30 kurudi. Tumezunguka kwa majirani kuomba ahadi ya faranga kwa kila kilomita. Mama mmoja muuza mandazi amelipia za kwenda tu; za kurudi, alisema, tumuulize tukirudi wazima. Fedha hizo ni za nauli na chakula cha wazazi wanaolala hospitalini na watoto wao.

Ombi letu kwako, Daktari, ni moja: siku za kupima watoto kilo, wauguzi wamulike na macho. Wewe wanakusikiliza.

Baba yake atatangulia. Leo nyuma hakubeba gunia.

Filimbi ni hii, tunaomba uipulize.