Mgonjwa wa moyo aulizwe kabla jopo halijaamua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie namna uamuzi wa kutibu ugonjwa wa moyo unavyofikiwa, jambo ambalo makala za afya hulipita haraka zikikimbilia kusifu mashine mpya na mikono ya madaktari. Mimi ni muuguzi wa wodi ya moyo, na kwa miaka mingi nimeketi katika vikao ambamo huamuliwa kama mgonjwa atapasuliwa kifua, atawekewa stenti (kijibomba cha waya kinachouacha mshipa wazi), au ataendelea na dawa peke yake.

Anayedhani kwamba picha za vipimo zinatosha kutoa uamuzi huo amekosea. Mishipa inayoulisha moyo ikiziba, njia huwa zaidi ya moja. Daktari wa moyo anaweza kupitisha mrija mwembamba kutoka mshipa wa mkono au wa paja na kupatanua palipoziba kwa puto, kazi ambayo Andreas Grüntzig aliifanya kwa mara ya kwanza mjini Zurich mwaka 1977, na siku hizi huacha hapo stenti ili mshipa usijifunge tena. Daktari mpasuaji naye anaweza kuchukua mshipa wa mguuni au wa kifuani akauunganisha ili damu ipite kando ya kizibo. Kila mmoja ameisomea njia yake, ameiona ikiokoa watu na anaiamini. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, wala simlaumu. Tatizo huanza pale mgonjwa anapoangukia mikononi mwa mmoja tu kati yao, maana hapo tiba yake hutegemea mlango alioubisha kwanza.

Wazo la jopo, yaani madaktari wa fani mbalimbali kukaa na kuamua pamoja, lilikuja kuziba pengo hilo. Utafiti wa SYNTAX, uliochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha wagonjwa 1,800 wa Ulaya na Marekani waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya stenti na upasuaji, uliweka sharti kwamba mpasuaji na daktari wa moyo wazitazame picha pamoja na wakubaliane kwanza kuwa mgonjwa anafaa kwa njia zote mbili. Sharti la watafiti likageuka kuwa desturi ya tiba: mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2010 na ule wa Marekani wa mwaka 2011 ikayaweka mashauriano hayo katika daraja la juu kabisa la mapendekezo, hasa kwa wagonjwa ambao mishipa yao imeharibika vibaya. Matibabu ya valvu, yaani vilango vya moyo vinavyoruhusu damu ipite upande mmoja, nayo yaliongeza haja hiyo, kwa kuwa tangu Alain Cribier alipopachika valvu kwa njia ya mrija huko Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, mzee ambaye zamani angeonekana dhaifu mno kupasuliwa ana njia nyingine ya kupimwa na kujadiliwa.

Jopo, basi, nalitetea. Nimeshuhudia daktari wa usingizi akiwazuia wenzake kwa swali moja tu kuhusu mapafu ya mgonjwa, na mfamasia akikumbusha kwamba anayewekewa stenti atameza dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa, kwa hiyo si vyema kumpa stenti hiyo mtu anayesubiri upasuaji mwingine bila kupanga tarehe zote mbili kwa pamoja. Ninalolalamikia ni kwamba katika vikao vingi watu wote wana sauti isipokuwa yule ambaye moyo ni wake.

Nakumbuka mama mmoja mwenye kisukari, mishipa yake mitatu ikiwa imesinyaa. Kikao kilielekea kwenye upasuaji, tena kwa sababu nzuri. Utafiti wa FREEDOM uliotolewa mwaka 2012 ulifuatilia wagonjwa 1,900 wa aina yake: baada ya miaka 5, katika kila 100 waliowekewa stenti takriban 16 walikuwa wamefariki, na katika kila 100 waliopasuliwa takriban 11. Lakini kiharusi kiliwapata takriban 5 katika kila 100 waliopasuliwa, na 2 tu katika kila 100 wenye stenti. Daktari akiziona tarakimu hizi huona kwamba upasuaji umeshinda. Mama yule alikuwa ameniambia usiku uliotangulia kwamba kifo hakimtishi kama kulala kitandani bila kauli, kwa sababu ndivyo alivyomuuguza mama yake mzazi kwa miaka. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nilipolisema hilo kikaoni, kwa sauti ambayo nakiri haikuwa na ujasiri mwingi, mkuu wa jopo alilifunga faili, na alasiri akaenda kuketi kando ya kitanda chake akamweleza tarakimu zote, za kifo na za kiharusi.

Alichagua upasuaji uleule. Kuna atakayeuliza, basi faida ilikuwa nini? Ilikuwa kwamba mishipa ya shingo yake ilipimwa upya kwa makini kabla ya siku ya upasuaji kwa ajili ya ile hatari ya kiharusi, watoto wake walijua ni dalili gani za kuangalia, na yeye mwenyewe aliingia chumbani akijua hatari aliyoikubali.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa uji sina ubishi. Kwa kifua kinachotaka kufunguliwa, huyo ndiye wa kuulizwa, tena aulizwe akiwa amevaa nguo zake na ndugu zake wakiwa karibu, asiulizwe akiwa amelala kwenye meza ya kipimo, mrija ukiwa tayari ndani ya mshipa, mtu akimwinamia na kumwambia, “Tumeona kizibo, tuendelee?” Wachache sana hukataa katika hali hiyo.

Najua mshtuko wa moyo unaotokana na mshipa ulioziba kabisa hausubiri kikao; huko kila dakika inayopita inaua sehemu ya moyo, na daktari aliye zamu afanye kazi yake. Lakini mgonjwa ambaye hali yake imetulia anaweza kusubiri siku moja au mbili, na hospitali isiyo na mpasuaji inaweza kutuma picha kwa wenye mpasuaji na kuzungumza nao kwa simu. Napendekeza pia mgonjwa apewe karatasi inayoonyesha ni nani walikaa, waliamua nini, na kama yupo aliyepinga, alipinga kwa sababu gani. Madaktari wengine huona aibu kuonyesha kwamba hawakukubaliana. Mimi naona mgonjwa humwamini zaidi anayemwambia kwamba jambo lilikuwa gumu.

Katika fomu ya kikao chetu umo mstari mmoja wa maoni ya mgonjwa. Mara nyingi huandikwa neno moja tu, “amekubali”, na anayeliandika ni mimi.

Wako,
Muuguzi wa wodi ya moyo