Mwajuma, meza bado ziko juu ya lori

Dada Mwajuma,

Salaam aleikum. Huku tuzima, watoto wazima, bibi anakohoa vilevile na anakataa dawa vilevile. Nyumba za reli zipo, ila ule mwembe wetu umekatwa. Aliyeukata nitamtaja siku nyingine, maana nikianza hilo sitalimaliza hili. Tangu Idi sijakuandikia, nakiri. Na ile simu yako ya juzi niliiona ikiita, nikaiacha iite. Sikuwa na la kusema. Leo ninayo mengi, na yote yametoka kwenye neno moja.

Kazi hii ya ukarani wa baraza unaijua, wewe ndiye uliyenionyesha namna ya kushika daftari. Tangu tugeuzwe jiji tarehe 1 Julai 2020, siku moja na Arua, Gulu, Jinja na Mbarara, kibao cha getini kimebadilishwa na wino wa muhuri umebadilishwa. Viti ni vile vya manispaa, na mimi ni kaimu yule yule. Mipaka imevutwa hadi vijijini, kwa hiyo kuna diwani anayepita mihogo na mtama njia nzima kuja ukumbini, kisha anasimama kudai taa za barabarani. Simcheki. Au namcheka kidogo.

Sasa sikiliza. Mwezi wa Mei unavyokuwa unajua: bajeti lazima ipitishwe kabla mwezi haujaisha, na kila idara inaleta karatasi zake siku ya mwisho, tena zimekosewa hesabu. Kikao kilianza saa nne badala ya saa tatu, tukaingia mpaka Magharibi. Muhtasari unaandikwa kwa Kiingereza, lakini mjadala unakwenda kwa lugha yoyote iliyo karibu na hasira ya mtu. Siku hiyo nilihesabu lugha tano. Mimi naandika kwa Kiswahili kwenye daftari, kwa mkato, halafu usiku nageuza. Ndivyo ulivyonifundisha na ndivyo nilivyofanya miaka yote.

Diwani Opio akasimama. Opio yule yule, sauti haijapungua hata kidogo. Akasema kwa Kiswahili cha sokoni kwamba wamama wa ile barabara mpya ya lami, ya mradi wa Benki ya Dunia, wamepanga meza juu ya mtaro, taka zinaingia ndani, na mvua za Agosti zikija maji yataingia madukani. Meza zisogezwe nyuma, mtaro uzibuliwe. Akaungwa mkono, spika akauliza wanaokubali, mikono ikapanda. Dakika tano hazikufika. Baada ya hapo tulikaa saa nzima kujadili kwa nini chai ya kikao imekuja bila mandazi.

Usiku umeme ulikuwa umekatika. Kompyuta ina asilimia nane, nina dondoo za maamuzi kumi na nne za kumpelekea TC, mtendaji mkuu wetu wa jiji, asubuhi. Nilipofika kwenye hoja ya Opio nikaandika kwa Kiingereza lile neno la kuondoa. Kuondoa, Mwajuma. Wauzaji waondolewe kando ya barabara yote. Mtaro sikuutaja kabisa.

Nimelifungua daftari mara ngapi tangu siku hiyo! Liko pale kwa mkono wangu: "meza zisog. nyuma, mtaro uzib." Nililisikia sawasawa na nikaliandika sawasawa. Limepotea kati ya daftari na kompyuta, mahali ambapo hapakuwa na mtu mwingine ila mimi.

Maamuzi ya baraza unavyojua hulala. Kuna azimio la choo cha stendi limezeeka hadi aliyelitoa ameshakuwa babu. Hili langu lilitekelezwa ndani ya wiki mbili. Kwa nini? Juni. Tarehe 30 mwaka wa fedha unafungwa, kila idara inahangaika kumaliza fungu lake lisije likarudi Kampala, na mafuta ya operesheni yalikuwa bado yapo. Alhamisi iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, askari wa jiji wakashuka na lori. Meza, sigiri, miavuli, mabenchi, magunia ya mkaa, vyote juu. Wenyewe walikuwa hawajafika, ila wale wanaokanda unga mapema.

Na nani anakanda unga mapema kuliko wote pale? Mama Sauda.

Alikuja kwangu jioni ya siku hiyo. Alikaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, anachokaa siku zote ili asisumbue, akavua viatu ingawa nilimkataza. Alikuja na lile kopo lake la Blue Band. Nikadhani ameleta samli. Akalifungua, ndani mna risiti za ushuru, za kila siku, zimefungwa kwa uzi mwezi kwa mwezi. Mia tano, mia tano, mia tano. "Mwanangu," akaniambia, "mimi sikukosa hata siku moja, hata siku ya matanga ya mume wangu nilimtuma Sauda alipe. Wewe uko ndani ya ofisi. Niulizie tu, nani aliyeandika tuondolewe?"

Nikamwambia nitauliza.

Mwajuma, nilimwambia nitauliza! Nikammiminia chai, nikamtilia sukari vijiko vitatu kama anavyopenda, nikamsindikiza hadi kwenye bodaboda nikamlipia. Yule mama ndiye aliyetupa chapati kwa deni mwaka mzima wa mtihani, wewe mbili mimi mbili, na hakutudai mpaka leo. Kwanza nadhani wewe bado una deni lako. Mimi nilikuja kulipa langu nilipopata mshahara wa kwanza akazikataa hela, akasema niweke.

Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Wiki ile ya kikao, narudi nyumbani jioni na mafaili kwapani, nilikanyaga nyanya za mama mmoja pale pale kando ya mtaro. Akanitukana mbele ya watu, na mimi nikamjibu. Viatu vyangu vyeusi vile ulivyonipa vikachafuka. Nilifika nyumbani nikisema moyoni, hawa watu waondoke tu. Sasa sijui. Ilikuwa ni usingizi na betri, au ni zile nyanya? Nikijaribu kukumbuka vidole vyangu vikiandika lile neno, sikumbuki chochote. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, zaidi hata ya barua ya onyo.

Maana barua ya onyo inaweza kuja. Nilikwenda kwa TC Ijumaa, nikafunga mlango, nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Kisha akasema, dada, operesheni imeshafanyika, meya ameshahojiwa redioni akasema jiji ni safi, madiwani wengine wanapiga makofi. Ukilifufua hili wewe ndiye utakayeulizwa. Liache lipite. Nikamuuliza, je, muhtasari? Ukisomwa Opio akakumbuka alichosema? Akacheka. "Ni diwani gani uliyemwona anasoma muhtasari?"

Na ana haki, ndiyo ubaya wake. Wanafungua ukurasa wa mahudhurio, wanatazama kama jina lipo kwa ajili ya posho, wanathibitisha.

Lakini hapo kwenye posho pana jambo, na nilipoligundua nilicheka peke yangu ofisini mpaka tarishi akachungulia. Sheria ya Serikali za Mitaa unaikumbuka: pesa ya madiwani isizidi asilimia 20 ya mapato ya ndani ya mwaka uliotangulia. Na mapato ya ndani ni nini hapa kwetu? Kodi ya kichwa ilifutwa zamani, nyumba mtu anayoishi mwenyewe hailipiwi kodi ya majengo, hoteli ni tatu na nusu. Kinachobaki ni leseni za biashara, stendi, na soko. Meza zile zilikuwa sitini na kitu. Piga mia tano mara sitini, ni elfu thelathini kwa siku. Nusu inabaki divisheni, yaani kwenye sehemu ya jiji inayoikusanya, nusu inakuja kwetu jijini. Kwa mwaka si pesa ndogo kwa ofisi inayokopa karatasi dukani.

Jumatatu mkusanya ushuru wa divisheni akaja analalamika kwamba kitabu chake cha risiti hakijachanwa tangu Alhamisi. Nyuma yake akaingia diwani mmoja, wa wale waliopiga makofi, anauliza mbona inasemekana posho zitapungua mwaka ujao. Nikamwambia, mheshimiwa, posho yako iko juu ya lori.

Na kweli iko juu ya lori! Lile lori lilikatika klachi lilipofika yadi. Hakuna aliyeshusha, kwa sababu anayeshusha atasaini kwamba amepokea, na hakuna anayetaka kusaini. Kwa hiyo hadi leo meza sitini zimesimama yadini, miguu juu, nyuma ya dirisha langu. Nikiinua kichwa kwenye kompyuta naiona meza ya Mama Sauda, ile ya rangi ya kijani iliyopakwa na marehemu mumewe. Mkaa umeshaibiwa. Sigiri mbili zimeibiwa. Wanasema kila mwenye mali alipe faini kwanza ndipo apewe chake, na yeye anasema hatalipa faini ya kosa asilolijua.

Usije ukaniuliza kwa nini hawarudi kwenye soko la ghorofa. Kule juu hapandi mtu. Anayetaka chapati ya shilingi mia tano hapandi ngazi arobaini kuifuata. Waliopangiwa juu wote wameshuka, na vibanda vyao vimegeuka stoo za vitunguu vya matajiri.

Nilimfuata Opio, lakini sikumwonyesha daftari. Nilimuuliza tu kwa mbali, mheshimiwa, ile hoja yako ya mtaro ulimaanisha nini hasa? Akaniangalia. Akasema, "Nilimaanisha nilichosema." Halafu akaongeza kwamba nyumbani mke wake hamsemeshi tangu Alhamisi, kwa sababu shangazi yake ana meza pale. Nikaona aibu ikanipanda hadi masikioni. Mtu analaumiwa na mkewe kwa neno langu, na hajui. Na mtaro wenyewe, Mwajuma! Mtaro haujazibuliwa. Hilo halikuwa kwenye dondoo, kwa hiyo halikumhusu mtu. Meza zimeondoka, taka zimebaki.

Kikao kijacho ni tarehe 25. Baada ya dua na wimbo wa taifa unakuja muhtasari, halafu yatokanayo. Nikilikosa hapo basi limethibitishwa, limesainiwa na spika, na neno langu litakuwa neno la baraza zima. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia usiku huu badala ya kukupigia, sitaki majirani wasikie.

Wewe ulikaa kwenye kiti hiki miaka tisa kabla hujatukimbia kwenda Bombo. Niambie, karani anaweza kusimama mwenyewe aseme spika, nilikosea, au lazima diwani ndiye atoe marekebisho? Lile la ng'ombe wa yule mzee wa boma, wewe ulilirekebishaje, au mlilifunika? Nikimpa Opio daftari na yeye akasimama, si watasema anatafuta kura za wamama? Na nikimpa, kesho daftari langu si litakuwa mikononi mwa kila mwenye ugomvi na muhtasari? TC nimwambie kabla au nimshtukize? Akishtuka atanikumbuka wakati wa kuthibitishwa kazini, na umri wa kuanza upya sina. Faini ikifutwa, zile sigiri zilizoibiwa nani atazilipa, kuna fungu la hivyo uliwahi kuliona? Na Mama Sauda nimwambie lini, kabla ya kikao au baada? Mimi moyo unataka kabla. Miguu ndiyo inakataa, jana nimefika hadi kona ya msikiti nikarudi.

Na usinifiche hili: mikutano yako yote ile, miaka tisa, uliwahi kuandika neno kwa sababu tu ulikuwa umechoka na mtu?

Nijibu kabla ya tarehe 20. Mpe barua yule dereva wa basi la usiku, mtoto wa Hajati, atanifikishia ofisini. Nimekuwekea karanga za kusaga debe dogo, atazileta akirudi. Debe nalitaka lirudi, si kama lile lingine.

Wako,
Rehema

Tena: nimemnunulia Mama Sauda sigiri mpya. Iko chini ya kitanda changu, siku ya nne leo. Nikampe na maneno gani?