Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu: tuonyesheni ukurasa wa mwisho wa mkataba wa Mau Summit

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu,

Mimi ni msambazaji wa kokoto hapa Nakuru. Miaka michache iliyopita nilimpelekea mwanakandarasi mmoja malori kumi na manne, na malori tisa sijalipwa hadi leo. Nilipomwendea wakili, alifungua mkataba wangu ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye mistari mitatu ambayo sikuwa nimeisoma: mzozo wowote utaamuliwa kwa usuluhishi, Nairobi. Niliposikia usuluhishi nilifikiri ni kama baraza la chifu: mnakaa, mnasikizana, mnapeana mikono. Kumbe huyu msuluhishi ni kama hakimu, ila mnamlipa wenyewe, anasikiza mkiwa mmefungiwa ndani, na uamuzi wake ni vigumu sana kuutengua mahakamani. Amana iliyohitajika kuanza kesi ilikaribia deni lenyewe. Nikaiacha.

Tangu siku hiyo, mkataba nauanzia ukurasa wa mwisho. Ndiyo maana nakuandikia kuhusu barabara ya Rironi hadi Mau Summit. Mkataba wa kwanza ulitiwa saini Paris mwaka 2020 na kampuni za Ufaransa. Ukavunjwa, na kazi ikaenda kwa kampuni mbili za China, moja ikishirikiana na NSSF, ambayo ni akiba ya wafanyakazi wa nchi hii. Ada ya kupita tutalipa sisi. Lakini kati ya madereva na wafanyabiashara ninaokutana nao kila siku, hakuna aliyewahi kuona kifungu cha mizozo. Kampuni hizo zikikosana na serikali, nani ataamua? Wapi? Kwa sheria ya nchi gani?

Hilo la wapi lina uzito. Uingereza ilirekebisha sheria yake ya usuluhishi, na mabadiliko yakaanza kutumika Agosti 1, 2025. Sasa usuluhishi ukiwekwa London na pande zote zikose kutaja sheria inayoongoza makubaliano yao ya usuluhishi, ni sheria ya huko itakayotumika. Neno moja tu kwenye mkataba, na umeshahama. Nasi tuna Kituo cha Usuluhishi wa Kimataifa cha Nairobi, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2013.

Yaliyowapata Nigeria ndiyo yanayoninyima usingizi. Mwaka 2010 walitia saini mkataba wa miaka 20 wa kusafisha gesi na kampuni inayoitwa P&ID. Kiwanda hakikujengwa. Mwaka 2017 wasuluhishi, faraghani, wakaamuru Nigeria ilipe dola bilioni 6.6, na riba ikaufikisha mzigo zaidi ya dola bilioni 11. Hadi Oktoba 2023 ndipo mahakama ya London ilipoamua kwamba tuzo hiyo, yaani uamuzi wa wasuluhishi, ilipatikana kwa ulaghai: hongo zilitolewa, na nyaraka za siri za mawakili wa Nigeria zilikuwa mikononi mwa mpinzani wao. Kama kesi hiyo ingesikizwa hadharani tangu mwanzo, waandishi wa habari wameketi pale nyuma, naamini mambo yangejulikana mapema.

Kenya imewahi kushinda, na ofisi yako inastahili pongezi. Mwaka 2006 dai la World Duty Free, kampuni ya maduka ya viwanja vya ndege, lilitupwa kwa sababu mkataba wao ulipatikana kwa hongo. Mwaka 2018 lile la Mrima, Kwale, likaanguka kwa kuwa leseni ya uchimbaji haikufuata sheria, zikiwemo za mazingira. Tazama kilichotuokoa: sheria zetu wenyewe, na rekodi zilizoonyesha nani alizifuata na nani alizikiuka.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa haki hiyo naomba uchapishe kifungu cha mizozo cha mkataba wa barabara hii. Pia, kanuni za ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kuamua mizozo ya wawekezaji na serikali, zilizoanza Julai 1, 2022 zinahesabu kwamba mmekubali tuzo ichapishwe usipopatikana upande wa kupinga kwa maandishi ndani ya siku 60. Naomba Kenya isiwe upande huo, kesi iwe tumeshinda au tumeshindwa.

Nakala moja iwekwe Huduma Centre ya hapa Nakuru. Nitaisoma nikiwa na wenye malori wenzangu, kwa sababu baadhi yetu tumeanza kuletewa mikataba ya kupeleka kokoto kwenye barabara hiyo hiyo.

Wako mwaminifu,
Msambazaji wa kokoto, Nakuru